Ngumi Kwenye Mdundo: Mwongozo Kamili wa Muziki wa Kielektroniki kwa Tukio la Mapigano

Tulikuwa nyuma ya kota za polisi Nsambya, saa kumi jioni, vumbi jekundu limetupanda hadi magotini. Vijana wawili walikuwa wanarudia pambano lile lile kwa mara ya kumi na mbili, na kila nilipotazama kioo cha simu niliona watu wawili wanaogombea kiti cha taksi. Ngumi zilifika, mateke yalipanda, lakini hakuna aliyeonekana anapigana. Mwalimu wao, mzee aliyecheza ndondi ujanani na ambaye sisi tuliolelewa kambini bado tunamwita Afande ingawa amestaafu, akaniambia, "Mwanangu, hawa hawana ngoma. Mtu hapigani bila ngoma." Nikaunganisha simu na spika, nikawasha mdundo wa tekno wa mapigo 150 kwa dakika niliokuwa nautengeneza kwa kazi nyingine. Mara ya kumi na tatu ndiyo iliyoingia kwenye filamu.

Tangu siku hiyo naanza na mdundo, picha inafuata. Najua vikundi vingi Kampala vinafanya kinyume: wanapiga picha, wanahariri, halafu usiku wa mwisho wanatafuta wimbo mkali wa kumwagia juu. Muziki wa kumwagia juu ni kama chumvi iliyotiwa baada ya chakula kupakuliwa. Ulimi unaikuta juu juu, ndani nyama chapwa. Hapa naeleza njia yangu yote, tangu kuchagua kasi hadi kukabidhi faili. Inahitaji simu nzuri, kompyuta ya kawaida, spika moja na watu wenye subira.

Hatua ya 1: Chagua kasi kabla ya kamera kuwashwa

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kamera inakata kila sekunde vipande vipande, na kila kipande ni fremu. Muziki nao unaikata dakika kwa mapigo. Visu hivi viwili vikikubaliana, ngumi inakaa juu ya pigo bila kulazimishwa. Umeme wetu Uganda ni wa Hz 50, hivyo ukipiga picha ndani, chini ya taa za kawaida, fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu, ya sekunde 1/50 zitakuepusha na taa zinazopepesa. Kwa fremu 25, chukua 1500, yaani fremu za dakika nzima, ugawanye kwa kasi ya wimbo. Mapigo 150 yanakupa fremu 10 kamili kwa kila pigo. Mapigo 125 yanakupa 12. Mapigo 100 yanakupa 15.

Filamu yangu fupi ya kwanza niliiwekea mdundo wa 138 kwa sababu niliupenda. Ukigawanya unapata 10.87. Mimi nikahesabu 11, nikapanga mikato yote kwa hesabu hiyo, na nilipofika pigo la 32 picha ilikuwa nyuma ya muziki kwa fremu nne. Mtazamaji hawezi kukutajia kosa liko wapi, ila anahisi kwamba wapiganaji wamechoka. Nilikesha siku tatu nikisogeza kipande kimoja kimoja. Ningeshusha wimbo hadi 136 kosa lingepungua tu, lisingeisha; dawa ilikuwa kuupandisha hadi 150 tangu mwanzo.

Ukitumia simu inayorekodi fremu 30, gawanya 1800: kasi za 120, 150, 180 na 200 zinatoka sawasawa, fremu 15, 12, 10 na 9. Shata bado iweke 1/50 au 1/100 kwa sababu ya taa zetu. Kwa fremu 24, gawanya 1440, nazo kasi nzuri ni 120, 144, 160 na 180. Simu ina hila moja zaidi: nyingi hazishiki idadi ya fremu bila kuyumba, zinaipunguza mwanga ukiwa hafifu na kuiongeza mwanga ukirudi. Kabla ya kuhariri, pitisha kila kipande kwenye programu kama HandBrake, ambayo ni ya bure, uchague idadi isiyobadilika. Ukiruka hapo, hesabu zote hizi zitakuwa bure.

Hatua ya 2: Chagua aina ya muziki kwa mwili wa pambano

Ukali si kasi peke yake. Muziki wa hausi, uliozaliwa Chicago mwanzoni mwa miaka ya 1980, hutembea kati ya 120 na 130 hivi, nao unamfaa mpiganaji mwenye kujiamini, anayemaliza maadui watano bila kutoa jasho. Tekno ya Detroit na watoto wake wa Ulaya hupanda hadi 150. Hiyo ni ya pambano la watu wawili wanaolingana, mahali pembamba, kama ngazi za jengo au kichochoro cha Kisenyi. Dubstepu ya London iko kwenye 140, lakini sneya, ile ngoma kavu ya juu, huanguka mara moja tu katika kila mapigo manne, hivyo mwili unaisikia kama 70. Ni nzuri kwa jitu zito linalopiga ngumi chache na kila ngumi inabomoa ukuta. Dramu-na-besi ya Uingereza, 170 hadi 180, ni ya kukimbizana na visu. Gaba ya Rotterdam ya miaka ya 1990 ni nyundo tupu. Itumie sekunde ishirini, ikizidi hapo mtazamaji anaacha kusikia.

Halafu kuna ya nyumbani kwetu, na mimi husikitika kuona kijana wa Mbale au Gulu akivuka bahari kutafuta mdundo mkali. Singeli ya Dar es Salaam inapita 200 na inaweza kukaribia 300. Wengi wa huku tuliisikia kwa spika kubwa mara ya kwanza Jinja, kwenye tamasha la Nyege Nyege lililoanza mwaka 2015. Jina hilo kwa Kiswahili linatia aibu, lakini Waganda wanamaanisha ile hamu ya kucheza inayomshika mtu ghafla. Gulu nako kuna muziki wa harusi wa Waacholi uliohamishiwa kwenye kompyuta, uliotokana na larakaraka, ngoma ya uchumba ambayo vibuyu hupigwa kwa spoku za baiskeli. Ule mchakacho wa spoku kwenye kibuyu unafanya kazi ya hai-hati, yale matoazi madogo, kuliko hai-hati yenyewe: ni mkavu, mwepesi, na haugombani na sauti ya ngumi.

Na kadodi, ngoma ya imbalu, yaani tohara ya Bamasaba. Aliyewahi kusimama njiani Mbale mwezi wa Agosti, mwaka wa shufwa, Bamasaba wakipita na vijana wa imbalu, anajua kwamba mguu hauombi ruhusa. Ngoma ile inampeleka kijana kwenye kisu akiwa amesimama wima, bila kupepesa jicho. Ndiyo maana naomba isitumiwe ovyo. Iweke pale ambapo mhusika wako anakabili jambo linalomtisha kweli. Kwa ugomvi wa kulipana deni la boda boda, tafuta kitu kingine.

Hatua ya 3: Fundisha pambano juu ya mdundo

Tengeneza mdundo mtupu kwanza: kiki, yaani lile dundo la chini, na kofi moja kwenye pigo la pili na la nne. Basi. Huo ndio mdundo wa mazoezi. Toa nakala nne: 75, 100, 125 na 150.

Anza na 75, ambayo ni nusu kamili ya 150. Wapiganaji wanatembea pambano kama wanaogelea, wakihesabu kwa sauti moja hadi nane. Afande hataki mtu arushe ngumi kwa nguvu kwenye kasi hii. Anataka kuona mguu unaanguka wapi. Wakikosea kwenye 75 watagongana kwenye 150, na meno hayaoti tena. Wakishika, panda hadi 100, kisha 125. Kwa kawaida hatufiki 150 siku ya kwanza.

Kanuni yangu ya kupanga mapigo ni hii: katika kila mapigo nane, zisizidi ngumi tatu zinazofika. Mwanzoni wapangaji wa mapambano hunikatalia. Wanataka ngumi kwenye kila pigo, kwa sababu muziki unapiga kila pigo. Lakini ukifanya hivyo unapata maonyesho ya dansi, na mtazamaji anaanza kukisia ngumi ijayo. Nafasi iliyobaki ijaze na miguu, kukwepa, kushikana, kuvuta pumzi. Na ngumi moja kati ya tatu iangukie katikati ya mapigo mawili. Hiyo ndiyo itakayomshtua mtu kwenye benchi.

Nitakuonyesha mapigo 16 tuliyotumia siku ile Nsambya, kwa kasi ya 150 na fremu 25, jumla sekunde 6.4. Pigo la 1, mshambuliaji anaingia kwa mguu wa kushoto, hakuna kinachogongwa. Pigo la 3, fremu ya 20, ngumi ya kushoto inazuiwa na mkono. Baada ya pigo la 4, katikati, fremu ya 35, ngumi ya kulia inaingia mbavuni. Pigo la 5 na la 6 aliyepigwa anarudi nyuma akitafuta miguu yake. Pigo la 7 wote wawili wanatulia, macho kwa macho. Pigo la 8, fremu ya 70, muziki unakatika kabisa. Kinachosikika ni pumzi moja ya puani. Pigo la 9, fremu ya 80, teke la kifua, na muziki wote unarudi pamoja nalo. Anaanguka kwa mapigo manne, mgongo unagusa vumbi pigo la 13. Mapigo matatu ya mwisho yule aliyesimama anashusha mabega. Ngumi mbili na teke moja katika sekunde sita na ushee, na watu waliotazama walidai wameona vurugu nzito.

Siku ya kurekodi, washa mdundo kwenye spika na uiweke karibu na wapiganaji. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo aliye mita 14 kutoka kwenye spika anaupata mdundo ukiwa umechelewa kwa fremu nzima. Kama wawili wako mbali mbali, weka spika katikati yao. Kabla ya kila rudio, mtu mmoja apige kofi mbele ya kamera juu ya pigo la kwanza. Kofi hilo litakusaidia kulinganisha picha na muziki baadaye. Mazungumzo yasirekodiwe wakati huu. Yaliyomo kwenye pambano yarekodiwe tena pembeni.

Hatua ya 4: Jenga muziki wenyewe

Programu yoyote unayoimudu inatosha. Studio nyingi za Kampala zimezoea FL Studio; mwenye mfuko mtupu atumie LMMS, ambayo ni ya bure. Kinachohitajika ni mpango.

Kwa kasi ya 150, baa moja ya mapigo manne ni sekunde 1.6, na baa nane ni sekunde 12.8. Pambano la dakika moja na nusu ni baa 56 hivi. Chora mpango kwenye karatasi kabla ya kugusa kompyuta: baa 8 za vitisho, baa 16 za pambano la kwanza, baa 8 za kushuka pale mhusika anapozidiwa, baa 16 za kurudi, baa 8 za kumaliza. Andika juu ya kila sehemu anayeshinda ni nani. Muziki ufuate huyo anayeshinda. Mbaya akiwa juu, besi iwe nzito na melodi isiwepo. Mhusika wetu akirudi, ngoma za asili ndizo zinazoingia. Mtazamaji hatakueleza kwa maneno, lakini mwili wake utajua upande wa nani umepanda.

Sehemu ya vitisho ijengwe kwa kuficha. Chuja kiki ibaki kama inasikika nyuma ya ukuta, kama mtu aliyesimama nje ya klabu Kabalagala akisubiri mlango ufunguliwe. Weka mlio mmoja unaopanda polepole. Ile sauti ya kukwaruza inayojikunja kama nyoka, ambayo mashine ya Roland TB-303 ya mwaka 1981 ndiyo iliyoizalisha, inafaa sana hapa, na leo zipo plagini za bure zinazoiiga. Fungua chujio kidogo kidogo kwa baa nane. Kisha, pigo moja kabla ya dropu, yaani pale mdundo wote unapoingia, zima kila kitu.

Kimya hicho cha fremu kumi nakipenda kuliko sehemu nyingine yoyote ya kazi hii. Usikijaze kwa mlio wa filimbi au mlipuko wa kununua. Kiweke pumzi, kiatu kinachogeuka kwenye changarawe, tone la maji. Sikio lililonyimwa kitu kwa kufumba na kufumbua linajiweka wazi, na kinachofuata kinaingia mzima.

Kwenye dropu yenyewe, kiki ikae kila pigo, besi ikae katikati ya mapigo ili visikanyagane, na juu yake kitu kimoja tu kinachokumbukika. Mimi huweka engalabi, ile ngoma ndefu ya Waganda. Nairekodi kwa simu, umbali wa mita moja, chumbani nimesimamisha magodoro mawili ukutani. Mpigaji anasikia mdundo wa 150 kwa hedifoni na anapiga dakika tatu bila kukatizwa; baadaye nachagua baa nne bora. Usiziburute noti zake zote zikae sawa na gridi ya kompyuta. Mkono wa mtu unatangulia kidogo hapa, unachelewa kidogo pale, na ndiyo sababu tunausikia ni mkono. Sawazisha pigo la kwanza la kila baa, mengine yaache. Na mlipe mpigaji siku hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Kata picha

Mkato usikae juu ya pigo la ngumi. Ngumi inapogusa ndipo jicho linapotaka kuona. Ukikata hapo hapo umemfunika mtu macho. Kata mkono ukiwa njiani, fremu mbili au tatu kabla ya kugusa, ili picha mpya ifungue na kupokea pigo. Mikato mingine ianguke penye miguu na macho.

Jambo la pili ni uvumilivu wa sikio. Vipimo vya kimataifa vya utangazaji vinaonyesha kwamba sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45 hivi mtu anaanza kugundua, lakini ikichelewa anaweza kuvumilia hadi karibu 125. Kwa fremu 25, kila fremu ni milisekunde 40. Yaani una fremu moja tu upande wa kutangulia, na fremu tatu upande wa kuchelewa. Ukiwa na shaka, chelewesha. Hata maishani tunaona radi kabla hatujaisikia.

Na acha angalau picha moja ndefu, baa mbili nzima bila mkato. Vijana wamefanya mazoezi wiki mbili, waonekane.

Hatua ya 6: Sauti za ngumi

Ngumi ya kweli haina sauti kubwa. Tunaitengeneza, na Uganda tuna bahati ya vifaa. Kipande cha mgomba kilichokatwa jana, kikipigwa kwa mkono wenye kitambaa kilicholowa, kinatoa ule uzito wa mwili. Muwa mkavu ukivunjwa karibu na kinasa sauti ni mfupa. Gunia la mahindi likiangushwa kutoka kiunoni ni mtu anayeanguka. Koti la ngozi likipigwa kwa kiganja ni kofi. Kwa kila ngumi muhimu changanya tatu: uzito, kofi, na kitu cha mahali hapo, kama vumbi au mabati yanayotikisika.

Sasa tatizo. Uzito wa ngumi unakaa kati ya Hz 80 na 200, mahali pale pale ambapo kiki na besi zimejenga nyumba. Zikipiga pamoja, hakuna inayosikika. Wengi wanaipandisha ngumi sauti, halafu kiki, halafu ngumi tena, mpaka kila kitu kinapasuka. Wengine hutumia sidecheni, kompresa inayoushusha muziki kila ngumi inapofika, na inasaidia. Lakini kwa ngumi kubwa mimi nafanya rahisi zaidi: pale ngumi inapoangukia juu ya pigo, naifuta kiki ya pigo hilo. Ngumi inakuwa ndiyo kiki. Muziki unaendelea bila kuruka, kwa sababu kuna kitu kizito kwenye pigo, ila safari hii kitu hicho kimetoka kwenye mwili wa mtu. Ukijaribu hili mara moja utaelewa kwa nini tulihangaika na fremu kumi kamili tangu hatua ya kwanza.

Ile ngumi ya katikati ya mapigo ifanyie kinyume: iache kiki, ila ondoa besi kwa kipande hicho kifupi.

Hatua ya 7: Changanya kwa ajili ya mahali filamu itakapotazamwa

Filamu zetu zinatazamwa mahali pawili: kwenye simu na kwenye kibanda cha video. Spika ya simu haifikishi kitu cha maana chini ya Hz 200 au 300, kwa hiyo besi yako tamu haipo kabisa. Iongezee ukwaruzo kidogo, saturesheni, ili milio ya juu iliyozaliwa na besi ibebe habari zake. Kisha sikiliza kwenye simu ya bei ndogo kuliko zote nyumbani. Kama ngumi ya mbavuni haisikiki hapo, rudi.

Kibandani hali ni nyingine: spika kubwa, mabati juu, na VJ, msimulizi wa filamu, mwenye kipaza sauti. Nje ya Uganda watu waliujua utamaduni huu kupitia Wakaliga, mtaa wa Kampala, pale mtengeneza filamu Isaac Nabwana alipotoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, na VJ Emmie akazungumza juu ya picha kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwetu ni jambo la kila siku. VJ hufasiri, huchochea, humwonya mhusika, na kwenye pambano ndipo anapopanda zaidi. Kwa hiyo mwachie nafasi. Sauti ya mtu inaeleweka zaidi kati ya Hz 1,000 na 4,000. Usijaze eneo hilo kwa sinthesaiza mbili zinazopiga kelele pamoja. Moja inatosha, na ishushwe desibeli tatu.

Kwa YouTube, lenga ukubwa wa sauti wa wastani karibu na LUFS −14, na kilele kisivuke desibeli −1. Ukipeleka juu zaidi ya hapo, YouTube wenyewe wataishusha, na utakuwa umeibana filamu yako bure. Kile kimya cha fremu kumi kitakuwa kimepoteza maana.

Hatua ya 8: Haki

Usichukue wimbo wa mtu. Uganda ina Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006, na kazi inalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kila wimbo uliorekodiwa una haki mbili: ya utunzi na ya rekodi. Unahitaji ruhusa ya zote. Chama cha UPRS kinashughulikia haki za watunzi, na URSB ndiyo ofisi ya usajili. Nayo YouTube ina mfumo unaotambua nyimbo wenyewe. Mapato yote ya filamu yako yanaweza kwenda kwa mwenye wimbo kwa sababu ya sekunde arobaini.

Nyimbo zenye leseni ya Creative Commons, ambayo mwenye kazi anaruhusu itumiwe bure kwa masharti, zinasaidia, ila soma herufi za mwisho. NC ni marufuku biashara. ND ni marufuku kubadilisha, na kuuoanisha wimbo na picha kunahesabiwa ni kuubadilisha, hivyo ND haikufai kabisa hata kama filamu ni ya bure.

Na kwa wapiga ngoma wako, andikeni karatasi: amelipwa kiasi gani, sauti itatumika wapi, jina lake litaandikwaje mwishoni. Ukurasa mmoja, sahihi mbili. Nimeona urafiki wa miaka kumi ukivunjika kwa sababu ya baa nne za engalabi.

Hatua ya 9: Kabidhi vizuri

Usitoe faili moja iliyochanganywa tu. Toa nne: muziki peke yake, sauti za ngumi na mahali peke yake, maneno peke yake, na ile iliyochanganywa yote. Zote zianze fremu ile ile, na kofi lile la mwanzo liachwe sekunde mbili kabla ya picha. Jina la faili libebe kasi na idadi ya fremu, kwa mfano NGAZI_150_25_MUZIKI. Nakala moja ikae kwenye kompyuta, ya pili kwenye diski iliyo nyumba nyingine, maana umeme hukatika na diski hufa.

Faili hizo nne zitafika kwa VJ wa Gulu, naye atayaondoa maneno yenu na kuweka Kiacholi chake bila kugusa ngumi hata moja. Kabla ya kumtumia, mpigie simu umweleze kimya kiko dakika ya ngapi, ili kwenye zile fremu kumi naye anyamaze.